Bata wananing'inia dirishani, niingie?

SWALI: Shangazi, niko Guangzhou, China, nafata mzigo wa Kariakoo, kuna kihoteli bata wananing'inia dirishani, watu wamejaa kweli, ila nashindwa pa kuanzia. Nguruwe sili.

JIBU: Mwanangu ingia tu, kaa popote penye nafasi hata meza ikiwa na watu, hakuna wa kukushangaa. Chai ya kwanza wengi wanasuuzia bakuli na vijiti, usiiwahi kuinywa. Sema "siu ngaap faan", ndo wali na bata wa kuchoma, anakatwa na mifupa yake.

Sasa kwenye nguruwe, ile char siu nyekundunyekundu ni kitimoto, na gogo la kukatia huwa ni hilohilo moja, tena supu ya tambi mara nyingi ina mifupa ya nguruwe. Kama we Mwislamu nenda mtaa wa Xiaobei hapohapo Guangzhou, kwenye hoteli za halali, bata wa dirishani umtazame tu.