Disketi za mjomba

SWALI: Mambo fundi, niko Ngamiani hapa Tanga, kwenye kabati la mjomba nimekuta disketi za yale magemu ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta) tuliyokuwa tunagombania kibodi, kampuni ilishafungwa kitambo, nikiyakopi niwarushie washkaji kuna kesi?

JIBU: Aisee zinasoma bado?! MB 1.44, picha moja ya simu yako haiingii humo. Sikia, kampuni kufa sio hakimiliki kufa, mara nyingi inahamia kwa aliyenunua mali zake, na sheria yetu ya 1999 inalinda programu kama inavyolinda kitabu, kwa hiyo kuwarushia watu hapana. Na kama humo kuna Doom, lile gemu la kupiga risasi, je? Sosi kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, iliachiwa 1997 ila ramani na michoro bado ni ya wenyewe, chukua lile toleo la sheawea, yaani sehemu ya gemu ya kuonjesha, hilo waliruhusu kusambazwa bure tangu 1993.