Ukimya wa mhamiaji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwa nini wahusika katika riwaya za waandishi waliohamia Uingereza hunyamaza au hudanganya kuhusu walikotoka? Ni woga?

JIBU: Marahaba. Mimi siuiti woga. Chukua *By the Sea* (2001) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Mzee Saleh Omar anatua Gatwick, uwanja wa ndege wa Uingereza, na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anapekua mzigo, anakuta kikasha cha udi, ananusa, kisha anakichukua. Hapo mimi husimama kila ninaposoma. Jina ni la kuazima, na harufu ya maisha yake ya zamani imeondoka mbele ya macho yake. Sasa yeye ni nani? Hakuna fomu inayolijibu swali hilo. Ukimya unamhifadhi mpaka apatikane wa kumsikiliza. Na anapokuja Latif Mahmud, mtoto wa yule mwenye jina, maneno yanamtoka.

Soma pia *Admiring Silence* (1996) ya Gurnah huyohuyo. Msimulizi anamtungia mwenzi wake Mwingereza hadithi za kwao, huku nyumbani mama yake hajui kwamba ana binti ughaibuni. Msimulizi huyo ndiye anayeniuma zaidi.