Sukari haina mfumuko wa bei

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Morogoro, nasoma uchumi. Darasani tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini tukikaa kujisomea tunaelezana kwa Kiswahili. Kwenye daftari langu nimeandika: "Uchumi mdogo huchunguza mfumuko wa bei ya bidhaa moja moja, kama sukari, uchumi mkubwa huchunguza mfumuko wa bei wa nchi nzima." Mwenzangu anasema "uchumi mdogo" na "uchumi mkubwa" si Kiswahili fasaha. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko sahihi. Nitalimaliza hilo haraka, maana sentensi yako imebeba kosa jingine ambalo nyote wawili hamkuliona, nami nimechoka kukutana nalo.

Ukisema "uchumi mdogo", msikilizaji anaelewa uchumi wa nchi kama Burundi. Ukisema "uchumi mkubwa", anaifikiria Marekani. Maneno yenyewe ya Kiingereza, micro na macro, yana asili ya Kigiriki: mikros ni dogo, makros ni refu au kubwa, na aliyeyaingiza katika somo hili miaka ya 1930 ni Mnorwe Ragnar Frisch. Udogo na ukubwa uliokusudiwa ni wa macho ya mchunguzi. Akiinama kumwangalia muuza nyanya na mteja wake, yuko kwenye nusu ya kwanza ya somo. Akipanda mlimani kuitazama nchi nzima, yuko kwenye nusu ya pili. Hiyo ya pili hotuba za bajeti huiita "uchumi jumla", na wako wanaoiita "uchumi mpana". Chukua lolote, yote yanaeleweka. Ya kwanza mimi huiita "uchumi wa sehemu". Wanaosema "uchumi mikro" siwapigi vita, ingawa bibi yangu asingewaelewa. Neno "uchumi" lenyewe ni letu, limetoka katika kuchuma, kama yule mchumia juani wa methali.

Sasa tuje kwenye "mfumuko wa bei ya sukari".

Mwanangu, sukari haina mfumuko wa bei. Nyanya hazina, mafuta ya taa hayana, nauli ya daladala haina. Kila siku nasikia watangazaji wakisema "mfumuko wa bei ya vitunguu", "mfumuko wa bei ya mafuta", na kila siku napunguza sauti ya redio. Waliochagua neno hili walilichagua vizuri mno, ndiyo maana naumia likichezewa. Kitu kilichofumwa kinaweza kufumuliwa, na kinaweza kufumuka chenyewe. Chukua sweta. Uzi mmoja ukichomoka kwenye mkono, hakuna mama wa Kiswahili atakayesema sweta limefumuka. Atasema uzi umechomoka, atatafuta sindano. Sweta limefumuka pale nyuzi zinapoachia moja baada ya nyingine, kola, mikono, kifua, mpaka hujui uanzie wapi kushona. Bei nazo zimefumwa pamoja: unga, kodi ya chumba, nauli, sabuni, ada, dawa. Zikiachia kwa pamoja na kuendelea kuachia, huo ndio mfumuko. Bei ya sukari peke yake ni uzi mmoja.

Utaniambia hii ni hila ya maneno. Basi kumbuka mwanzo wa mwaka 2024. Mvua za El Niño zilijaa mashambani, miwa haikuvunika, viwanda vikapunguza uzalishaji, na sukari ikaadimika nchi nzima. Kilo iliyokuwa ikiuzwa karibu shilingi 3,000 ikafika 4,000, na kuna mahali ikapita hapo. Serikali ikatangaza bei elekezi. Watu wakanywa chai kwa kashata, wengine wakaiacha kabisa. Na mfumuko wa bei wa Taifa Januari na Februari ya mwaka huo ulikuwa kiasi gani? Asilimia 3.0. Ulitulia palepale ulipokuwa Desemba.

Mwananchi aliyeambiwa na redio kwamba kuna "mfumuko wa bei ya sukari", kisha akasoma kwamba mfumuko wa bei ni asilimia 3.0, atafanya nini? Atasema Ofisi ya Taifa ya Takwimu inamdanganya. Haikumdanganya. Sukari ni bidhaa moja katika kapu lenye mamia ya bidhaa na huduma, na takwimu hupima kapu zima. Aliyempotosha ni mtangazaji, aliyechukua neno la kapu akalibandika kwenye kilo moja. Na hapo ndipo mpaka wa somo lako ulipo. Kwa nini sukari ilipanda? Mvua, miwa, ugavi kupungua huku wanywaji chai wakiwa walewale: hayo ni ya uchumi wa sehemu. Kwa nini kapu zima linapanda, na kwa mwendo gani? Hayo ni ya uchumi jumla, huko Benki Kuu inakohangaika na riba yake. Kiswahili kimekupa neno la kila upande. Bei ya kitu kimoja hupanda, hupaa, huruka. Mfumuko uachie kapu.

Kosa la pili ni pacha wa hilo, na linaumiza watu kweli. Siku moja nilikuwa dukani kwa jirani yangu, nimesubiri nipimiwe mchele. Redio ilikuwa juu ya rafu. Mtangazaji akasoma kwamba mfumuko wa bei umeshuka, kisha akaongeza kwa furaha, kwa maneno yake mwenyewe: "Ni ahueni kwa wananchi, bei za bidhaa sasa zimeshuka." Mama mmoja alikuwa anapimiwa mafuta ya kula. Akasimamisha mkono wa muuzaji. "Mangi, umesikia? Bei zimeshuka. Mbona wewe mafuta yako yaleyale?" Mangi akajibu kwamba na yeye ananunua kwa bei ileile. Mama akaweka chupa chini, akasema wafanyabiashara wote ni wezi, akaondoka bila mafuta. Mangi alibaki ameshika kipimo, hana la kusema. Hakumwibia mtu. Aliibiwa yeye, jina lake zuri, na mtu aliyeko studio asiyejua tofauti ya mwendo na mahali.

Mfumuko wa bei ni mwendo. Basi linalopanda mlima Kitonga, dereva akipunguza gia, basi halijageuka kurudi Ruaha Mbuyuni kule chini. Linaendelea kupanda, polepole zaidi. Mfumuko ukishuka, bei bado zinapanda, ila zinapanda kwa mwendo mdogo kuliko jana.

Hebu tuhesabu, na ulihesabu na wewe kwenye daftari lako. Mfumuko wa bei Tanzania, kwa wastani wa mwaka, ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Ulikuwa ukishuka mwaka hadi mwaka, nayo ni sifa njema kwa nchi, siikatai. Sasa chukua kapu lililogharimu shilingi 100,000 mwaka 2021. Mwaka 2022 ni shilingi 104,300. Mwaka 2023 ni shilingi 108,263. Mwaka 2024 ni kama shilingi 111,620. Mfumuko umeshuka miaka miwili mfululizo, na kapu lilelile linadai shilingi elfu kumi na moja na ushei zaidi. Yule mama hakuwa na kosa kushangaa. Mfuko wake ulimwambia kweli, redio ikamwambia uongo, naye akaamua kumlaumu aliyekuwa karibu.

Bei zikishuka kweli, kapu lote likawa rahisi kuliko mwaka jana, mfumuko huwa chini ya sifuri. Hapo ndipo unaruhusiwa kusema "bei zimeshuka" bila kubainisha bei za nini. Ni jambo la nadra, na wachumi wengi huliogopa, kwa kuwa mnunuzi anayejua kesho itakuwa rahisi zaidi huahirisha kununua, na kiwanda hufunga mlango. Ukitaka kusema kinachotokea kwa kawaida, sema "mfumuko wa bei umepungua" au "bei zinapanda polepole zaidi". Mimi napenda "umepungua" kuliko "umeshuka", kwa sababu "umeshuka" ndiyo inayowatelezesha watu, wakaona bei zinateremka nao.

Wako pia wanaosema mfumuko umetoka 3.8 hadi 3.1, kwa hiyo umeshuka "kwa asilimia 0.7". Ni pointi 0.7 za asilimia. Ukitaka asilimia, umepungua kwa zaidi ya asilimia 18. Hili nimelipigia kelele miaka mingi na sasa nawaachia walimu wa hesabu. Vivyo hivyo wanaoandika "mfumko". Mimi naandika "mfumuko", kwa sababu kitenzi ni kufumuka na sioni ile u ya pili imekosa nini hata ifukuzwe, lakini Wakenya wengi wanaandika "mfumko" na tunaelewana vizuri tu.

Kwa hiyo futa ile sentensi kwenye daftari, wewe na mwenzako, mwandike hivi: "Uchumi wa sehemu huchunguza kwa nini bei ya bidhaa moja, kama sukari, imepanda au imeshuka, uchumi jumla huchunguza mfumuko wa bei, yaani mwendo wa kupanda kwa bei za kapu zima." Mkimaliza, mwende kwa muuza duka aliye jirani na chuo, mmsomee na yeye.