Kusogeza simu mbali ili uweze kusoma

Dada, kulazimika kuisogeza simu mbali ndipo maandishi yasomeke ukiwa na miaka 44 si dalili ya upofu. Lenzi iliyo ndani ya jicho hubadilika umbo ili uone vya karibu. Kadiri umri unavyokwenda inakakamaa, na wengi huanza kulihisi wakishapita 40. Karoti hazirudishi ulaini wake.

Unahitaji miwani ya kusomea. Shika gazeti sentimita 40 kutoka usoni, penye mwanga wa kutosha, uanze na miwani yenye nguvu ya +1.00. Herufi ndogo zikiwa bado hazijatulia, panda robo robo: +1.25, +1.50. Chukua namba ndogo kabisa inayokuwezesha kusoma kwa raha. Tatizo ni kwamba watu hukimbilia +2.50 kwa sababu herufi zinaonekana kubwa, halafu inawabidi walete kitabu karibu mno na kichwa kinaanza kuuma. Miwani inayouzwa tayari mezani sokoni ina nguvu sawa pande zote mbili, kwa hiyo kama macho yako hayalingani haitakufaa. Usiendeshe gari nayo, maana mbali utaona ukungu.

Hata ikikukaa vizuri, tafadhali nenda ukapimwe macho, pamoja na presha ya jicho, kwa kuwa glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, huiba uoni wa pembeni bila maumivu. Uoni ukibadilikabadilika ndani ya siku chache, pima na sukari. Ukungu wa ghafla au jicho jekundu linalouma, wahi hospitali siku hiyohiyo.