Mashine kujirestati yenyewe: soma BugcheckCode kwanza

Mkuu, unasema mashine yako inajirestati yenyewe, umekuta taarifa ya Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer (programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio), na umeshauriwa ununue pawasaplai, kile kifaa kinacholisha mashine umeme. Hiyo 41 haisemi nini kimeiangusha mashine, inasema tu Windows ilizimika bila kuzimwa vizuri, kwa hiyo usikimbilie kuinunua. Fungua hiyo taarifa, nenda Details, soma BugcheckCode, yaani kodi ya krashi. Ikiwa 0 mara nyingi ni umeme, pawasaplai au joto, ikiwa namba nyingine hapo keneli yenyewe (kiini cha Windows) ndo imekrashi na kawaida utaikuta pia taarifa 1001 ya BugCheck, na faili la krashi hiyo linakaa C:\Windows\Minidump, unalisoma na WinDbg, programu ya kuchambua krashi, ni ya bure kabisa toka Microsoft.

Kitu kinachopoteza watu wengi, namba ya kwenye 41 ni ya desimali (namba zetu za kawaida) ila kodi unazosoma mtandaoni ni za heksa (namba za mfumo wa 16, zinaanza na 0x), yaani ukiona 159 ujue ni 0x9F, na hiyo inahusu draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyokwama wakati mashine inalala au inaamka.

Natengeneza kompyuta hapa Ngarenaro, Arusha, na hizi zinazojirestati naanza na RAM na draiva ya Wi-Fi kabla sijagusa kingine. Toa tiki kwenye mpangilio wa Windows wa Automatically restart ili skrini ya bluu inayoonyesha kosa isikukimbie kabla hujaisoma.

Ila hata 0 isikufunge, kuna wakati mashine inakrashi vibaya mpaka inashindwa kuandika kodi, hapo ijaribu kwenye UPS nzima (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme usikatike) kwanza utoe swala la umeme.