Reli ya plaiwudi iliyonyoosha kazi yangu

Miaka yangu ya mwanzo karakanani, Keko, Dar es Salaam, nilikuwa nachana plaiwudi kwa macho. Nachora mstari, nashika msumeno wa umeme wa mkononi, naufuata. Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4, na kwenye futi 8 mkono haunyooki mpaka mwisho. Milango ya kabati ilikuwa inagusana juu na kuachana chini, nami nashinda na randa kurekebisha.

Kilichonitoa huko ni reli, yaani mwongozo ulionyooka ambao msumeno unateleza kando yake, niliyoitengeneza mwenyewe kwa vipande vilivyobaki. Fundi mwenzangu, anza na hii kabla hujaweka akiba ya mashine kubwa.

Chukua plaiwudi yenye unene wa milimita 6, urefu futi 8, upana kama sentimita 30. Juu yake, kwa urefu wote, bandika kwa gundi na skrubu fupi kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 12 na upana wa sentimita 8. Ukingo wake uliokatwa kiwandani uelekee upande utakaopita msumeno, maana huo ndio ulionyooka kweli. Nyuma yake acha nafasi ya klampu (vibano vya kushikilia reli), ili mota ya msumeno isizigonge. Mbele, plaiwudi ya chini izidi njia ya bledi kwa sentimita moja au mbili.

Gundi ikishakauka, egemeza kitako cha msumeno (bamba lake la chini) kwenye ukingo ule, washa, kata mara moja toka mwanzo hadi mwisho. Ile ziada inaanguka, na ukingo unaobaki ni pale pale bledi inapopita. Umbali wa bledi na kitako hutaupima tena. Unalaza reli juu ya mstari wa penseli, unabana, unakata.

Reli yangu ya kwanza ilikuwa ya mninga ambao haujakauka vizuri. Masika yalipoingia ikajipinda. Plaiwudi inatulia zaidi. Na ukibadilisha bledi ikawa na meno mapana au membamba kuliko ya awali, ukingo hauwi sahihi tena, kwa hiyo andika juu ya reli ni ya bledi ipi.

Kwa rauta, mashine ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka, kipande cha plaiwudi badala ya kitako chake, na msumari mmoja wa kuizungukia, kinakupa meza ya duara safi kabisa. Pima toka msumari hadi upande wa ndani wa biti. Ukipima toka katikati yake, meza itatoka ndogo.

Ila kuna mpaka ambao nakusihi usiuvuke. Tengeneza vinavyokaa tuli: reli, vizuizi, vijiti vya kusukumia mbao. Kinachozunguka usikitengeneze wala usikibadilishe. Nimeona mafundi wakivua kinga ya grenda, mashine ya kukatia na kusugua chuma, na kufunga bledi ya meno ya kukatia mbao. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati bledi nyingi za mbao zimeandikwa mwendo ulio chini sana ya hapo. Meno yakinasa kwenye kifundo cha mbao, mashine inaruka kumwelekea aliyeishika. Jirani yangu wa karakana alipoteza vidole viwili hivyo, na alikuwa fundi mzuri mno.

Kama pesa ya msumeno wa umeme bado, bana ubao ulionyooka pembeni ya mstari, utumie msumeno wa mkono. Utachukua nusu saa kwa plaiwudi moja, na mlango utakaa sawa.