Wanafunzi kurekodi video kuhusu ubaguzi wa rangi

Mwalimu mwenzangu,

Umeuliza kama wanafunzi wako wa kidato cha pili hapo Bagamoyo wanaweza kutengeneza video kuhusu ubaguzi wa rangi bila kuumizana. Wanaweza, lakini nakusihi usiwape kazi ya kuigiza matusi, kwa sababu mwenye ualbino au mwenye ngozi nyeusi kuliko wenzake ndiye atakayepangiwa nafasi ya kutukanwa, na video hiyo itazunguka kwenye simu za watu hata atakapokuwa amemaliza shule. Afadhali wawahoji wazee wa Mji Mkongwe wa hapo Bagamoyo, kwa ridhaa yao, kuhusu enzi za Waingereza, ambapo shule za Tanganyika zilitengwa: za Waafrika, za Waasia na za Wazungu. Kisha wasome Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, inayokataza ubaguzi, na wajiulize ni nani mtaani kwao ambaye bado hatendewi sawa.

Simu yako moja inatosha. Muda mwingi utumie kwenye mazungumzo baada ya kutazama, maana hapo ndipo mtoto husema yaliyompata (naamini ndiyo sehemu muhimu kuliko zote), na usisambaze chochote kabla wazazi na waliorekodiwa hawajakubali.